Msituuzie nywele, tuuzieni losheni ya jua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nilalamikie tangazo la mafuta ya nywele linalorudiwa redioni kila asubuhi hapa Tanga. Mtangazaji anaapa kuwa yanaotesha “hata kwa aliyezaliwa hana”. Aliyezaliwa hana ni mimi. Sina nywele, nyusi wala kope, na tangu tangazo lile lianze majirani wananiletea vichupa kwa huruma.

Upara wangu umetokana na kasoro ya jeni niliyorithi kwa baba na kwa mama, ambao wenyewe nywele wanazo tele. (Bibi zangu walishatafuta mchawi, hawakumpata.) Vishina vya nywele havifanyi kazi, kwa hiyo mafuta hayana cha kuotesha. Chupa yenyewe haina hata jina la mtengenezaji.

Ninachokihitaji hakitangazwi. Utosi usio na nywele huungua jua kama shavu, hivyo nataka losheni ya kukinga jua, SPF 30 au zaidi. Kule Moshi, hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni ya Kilisun kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, kwa hiyo si kitu kilichotushinda. Lakini nikiulizia losheni ya jua madukani mtaani kwangu, naonyeshwa mkorogo! Miwani mipana nayo ni lazima. Bila nyusi jasho la paji huteremka moja kwa moja machoni, na bila kope vumbi la barabarani huingia bila hodi.

Wala msidhani najificha. Kukiwa na harusi, mchora hina hunijaza maua kichwa kizima hadi kisogoni, na wenye nywele zao hubaki kunitazama. Ni hina nyekundu tu. Piko sigusi, maana ile nyeusi huwa na rangi ya nywele ambayo huweza kubabua ngozi. Nyusi nachora kwa wanja, nene au nyembamba kadiri nilivyoamka. Wigi ninalo, nalivaa nikitaka mimi, si wanapotaka mawifi.

Tangu 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Nawaomba wayapime mafuta haya, na vyombo vya habari vidai kibali kabla ya kupokea pesa ya tangazo. Nasema vyombo vyote, Ndugu Mhariri, kwa sababu mafuta yaleyale nimeyaona ukurasa wa nyuma wa gazeti lako Jumamosi iliyopita.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga