Ukakasi wa Zabibu ya Makutupora

Likizo iliyopita, nyumbani kwetu Ndalu, kati ya Kitale na Bungoma, jamaa yetu aliyetoka Dodoma alitufungulia chupa ya divai nyekundu iliyotengenezwa kwa zabibu aina ya Makutupora. Sisi wasomi tulionja, tukasema, "Ni nzuri." Basi. Nyanya, ambaye miaka mingi ya ujana wake alikaanga unga wa busaa na kuichuja, alionja kidogo, akanyamaza, kisha akanena: "Hii inakaza ulimi kama ndizi mbichi."

Ndugu msomaji, ni nani aliyeionja divai ile?

Hudaiwa kwamba zabibu hii haijulikani. Haijulikani na nani? Wakulima wa Dodoma wanaijua fika. Jina lake ni la mahali, Makutupora, kaskazini mwa mji huo, palipo na kituo cha utafiti wa zabibu. Katika nyanda zile kame mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, ilhali ile ya Ufaransa, inayolala majira ya baridi, huvunwa mara moja tu. Syrah na Chenin Blanc hulimwa Dodoma pia, na aghalabu mgeni huanza na hizo kwa kuwa majina yake ameyasoma.

Rai yangu ni kwamba aonjaye kwa maneno ya kuazima huitafutia Makutupora ladha za matunda ya Ulaya ambayo yeye mwenyewe hajapata kuyala, na asipozipata huihukumu kuwa duni. Ilhali lugha tunayo! Alichokieleza Nyanya ni ukakasi, ambao katika divai nyekundu hutoka kwenye maganda na kokwa za zabibu. Tunao pia ugwadu, na ugwadu wa embe bichi si uchachu wa uji uliolala. Tumejitaabisha kuunda istilahi za tarakilishi na za sheria; hizi za ulimi hazihitaji hata kuundwa, zinahitaji kutumiwa, na kwanza zitumiwe katika kurasa hizi.

Wapo watakaosema kileo si mada ya jarida la wasomi. Sitetei ulevi, madhara yake tumeyaona vijijini mwetu. Nazungumzia kuonja.

Nyanya hakuimaliza glasi yake. Aliifunika kwa kisahani, akaiweka kabatini, ili aionje tena asubuhi.