Kipara cha ghafla si uchawi

Huenda umewahi kumwona msichana aliyefunga kitambaa kichwani hata jua likiwaka, ukadhani ni mtindo. Baadhi yao huficha kipara cha duara, laini kama kiganja, kilichotokea kwa majuma machache tu. Wenzake wakikiona husema ana choa. Jirani husema amerogwa, na hakosi wa kunong'ona kuhusu Ukimwi. Tu wepesi mno wa kumpa mtu ugonjwa!

Ugonjwa wenyewe huitwa alopesia areata, nao humpata takriban mtu 1 au 2 katika kila 100 wakati fulani maishani. Hauambukizi. Chembe nyeupe za damu, wale askari wanaotulinda dhidi ya viini, hugeuka na kushambulia mizizi ya nywele. Kwa kawaida mzizi wa unywele hujificha wasiuone. Kinga hiyo ikilegea, huuvamia kana kwamba ni adui.

Hata hivyo, mzizi haufi. Ndiyo maana nywele za wengi wenye kipara kidogo huota tena zenyewe.

La ajabu ni kwamba miongoni mwa askari hao wamo wanaosaidia. Mwaka wa 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichunguza kundi la chembe ambalo kazi yake ni kutuliza wenzao wasipigane ovyo. Panya walioondolewa nywele na kunyimwa kundi hilo hawakuota nyingine.

Sasa niambie, msomaji, mafuta ya kupaka yanayouzwa kando ya barabara yatawatulizaje askari walio chini ya ngozi? Daktari anaweza kudunga dawa ya steroidi kwenye kipara chenyewe. Kwa watu wazima wenye upara mkubwa, Marekani iliidhinisha vidonge vya baricitinib mwaka wa 2022. Lakini vidonge hivyo hupunguza nguvu za kinga, hivyo ni lazima mgonjwa apimwe kifua kikuu kwanza. Usivinunue kiholela.

Nawe mzazi, usipuuze choa pia. Hicho huwa na magamba na mwasho, huambukiza, na mtoto huhitaji dawa ya kumeza. Mpeleke kwa daktari atofautishe. Kisha mwandikie mwalimu barua, ili asimwamuru mtoto wako kuvua kitambaa mbele ya darasa zima.