Padri wa Keya

Kasisi wa jeshi ni mtu mgumu kuandikiwa maisha yake. Jeshi huweka cheo chake, na kanisa huweka siku aliyopewa daraja na siku aliyokufa. Ile miaka ya katikati, alipolala matopeni pamoja na askari, haina mwenyewe. Anayetafuta leo habari za makasisi wa Kikatoliki waliowahudumia askari wa Keya kutoka Kitale na Bungoma, katika vita vya 1939 hadi 1945, ataliona jambo hili mapema.

Kwanza atasumbuliwa na madaftari. Wakati ule sehemu zile zote zilikuwa chini ya Kisumu, na mapadri wake wengi walikuwa wa shirika la Mill Hill la Uingereza. Bungoma haikuwa jimbo la kanisa hadi 1987, na Kitale hadi 1998. Majarida ya vikosi nayo yamehifadhiwa London. Mtu aweza kumaliza nauli yake yote kabla hajamfikia padri mwenyewe.

Kitale atapata ya Wazungu kwa urahisi. Ni mji wa walowezi; baada ya vita vya kwanza askari wa Kizungu waligawiwa mashamba huko, na hata makumbusho ya mji yalianzia katika mkusanyo wa Kanali Stoneham. Lakini kina mama waliowasubiri askari weusi walikuwa Bungoma, huko Kimilili na Kibabii, na ndiko anakopaswa kukaa siku nyingi zaidi.

Akifika huko ataambiwa pia mambo asiyoyatafuta. Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwapinga waziwazi Waingereza waliokuwa wakichukua vijana kwenda vitani, akafungwa. Februari 1948 wafuasi wake waliiandama misheni ya Kikatoliki ya Kibabii, na siku chache baadaye polisi waliwapiga risasi watu 11 wakafa huko Malakisi. Kwa hiyo yule padri aliyeonekana rehema na askari aliyekuwa akikata roho, kwa jirani yake alikuwa mtu wa serikali iliyomchukua mwanawe. Mwandishi atakayeacha moja katika hayo mawili atakuwa ameandika nusu ya mtu.

Msomaji wa Mombasa au Lamu atauliza: sisi yatuhusu nini? Yatuhusu kwa sababu safari ile ilipitia mlangoni petu. Meli Khedive Ismail iling'oa nanga Kilindini Februari 1944, imechukua askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki, na tarehe 12 mwezi huo nyambizi ya Kijapani ikaizamisha karibu na Maldivi. Walikufa watu karibu 1,300. Waliofika Burma kwa meli nyingine walipita bonde la Kabaw, lenye mvua na malaria, wakaingia Kalewa Desemba 1944. Na lugha yao, Mbukusu na Mkamba na Mnandi, ilikuwa Kiswahili, kile Kiswahili cha Keya ambacho sisi watu wa Pwani hukicheka. Padri aliyetaka kumfariji mtu hospitalini aliikuta lugha hiyo tayari.

Tena Waislamu walikuwamo. Baadhi ya vikosi vilikuwa na mwalimu wao wa dini, aliyesalisha na kuwazika wenzake kama padri alivyowazika wake. Kanisa lina kawaida ya kutunza ya watu wake: Kadinali Maurice Otunga, mzaliwa wa Bungoma aliyewekwa 1981 kuwa mkuu wa makasisi wa Kikatoliki katika majeshi ya Kenya, maisha yake yanachunguzwa kwa makini maana ameombewa utakatifu. Walimu wetu wale nani amewakusanyia hata majina? Hatusemi hivi kwa wivu. Lakini mtafiti wa padri akipita Mombasa, na apewe kiti, aulizwe naye kama katika karatasi zake hakukutana na mwalimu yeyote. Nasi tufungue masanduku ya wazee, tutazame barua za vitani, zile zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu pia. Kijana aliyeandikishwa 1944 akiwa na miaka 20, kama yu hai, amekwisha pita miaka 100.