Wacheni kuiba funksheni za kerneli

Wasee, hii tabia tuiache. Unaandika moduli ya kerneli ya Linux, unaita funksheni fulani, unaambiwa haijulikani. Badala ya kujiuliza kwa nini, unatafuta njia ya kupitia dirishani, halafu unajiita haka.

Sababu si siri. Moduli inaruhusiwa kuita tu zile funksheni ambazo wenye kerneli wameziweka wazi kwa EXPORT_SYMBOL au EXPORT_SYMBOL_GPL. Zingine ni za ndani. Kitambo watu walizipata kwa kallsyms_lookup_name: unaipa jina, inakupa anwani. Mwaka wa 2020, toleo la 5.7 likafunga hiyo njia. Watu wakafanya nini? Wakaanza kutumia kprobe kutafuta anwani ya ile ile kallsyms_lookup_name. Mtu ameweka kufuli, nyinyi mnang'oa bawaba.

"Lakini si inafanya?" Inafanya leo. Kesho wenyewe wanaongezea hiyo funksheni kigezo kimoja, na hawana deni la kukuambia. Kompaila haiwezi kukuokoa, kwa sababu ulichukua anwani tupu na kuibandika umbo ulilolikumbuka wewe. Moduli inapakiwa bila kelele, halafu inarusha takataka ndani ya kerneli. Huko hakuna programu moja ya kuanguka peke yake. Mashine yote inalala, ama mbaya zaidi, inaendelea kuandika data mbovu kwa diski pole pole. Na kama ni seva ya mtu, hiyo ni data ya mtu.

Angalia watu wa ZFS. Mwaka wa 2019, toleo la 5.0 liliwafungia funksheni walizotegemea kufanya hesabu za haraka kwa prosesa. Kelele ilikuwepo, sikatai. Lakini walizima ile kasi kwanza, baadaye wakaandika njia yao wenyewe ya kuhifadhi rejista. Kazi ilikuwa kubwa zaidi.

Kama unajifunza kwa mashine pepe, cheza, vunja, hakuna noma. Lakini kama unaenda kumwekea mteja, tafuta funksheni iliyo wazi inayofanya kazi hiyo, ama peleka pachi kwa wenye kerneli ueleze unaihitaji kwa nini. Wakikataa, utasikia sababu kutoka kwa watu wanaojua mahali itavunjika.

Mtumie hii yule msee wako wa "kwangu inafanya".