Milima Ni Kiwanja Tulichopewa Bure

Kwa muda mrefu watu wa Munkunyu, katika Wilaya ya Kasese, wameihesabu milima kuwa taabu. Ni taabu kwa mama apandaye na mzigo wa kuni, kwa mkulima ashushaye kahawa yake, na kwa mtoto aendaye shule asubuhi penye utelezi. Hatuna nia ya kuibeza taabu hiyo. Hata hivyo, twaona umefika wakati wa kuitazama milima hiyo hiyo kwa jicho jingine, yaani kama kiwanja cha mazoezi kisicho na kiingilio.

Apandaye mlima mbio huuinua uzito wa mwili wake kwa kila hatua. Kwa hiyo misuli ya mapaja, ya makalio na ya mashavu ya miguu hupata nguvu. Moyo na mapafu hufanya kazi kubwa ingawa mwendo ni wa polepole, na mguu hautui kwa kishindo kama katika tambarare. Mtu asiye na nafasi ya saa nzima aweza kuvuna mengi kwa dakika 20 tu.

Haya si maneno ya kubuni. Arthur Lydiard, mwalimu wa riadha wa New Zealand, aliwakimbiza vijana wake milimani baada ya kuwajenga kwanza kwa mbio ndefu. Mmoja wao, Peter Snell, alitwaa dhahabu ya mita 800 mjini Rome mwaka 1960, kisha za mita 800 na 1,500 mjini Tokyo mwaka 1964. Hapa Uganda, Stephen Kiprotich, mshindi wa marathoni ya Olimpiki ya London mwaka 2012, na Joshua Cheptegei, mshindi wa mita 10,000 mjini Paris mwaka 2024, wote ni wana wa nchi ya Mlima Elgon.

Basi Rwenzori, yenye kilele cha mita 5,109, imepungukiwa na nini? Mwaka 2022 mbio za marathoni za Rwenzori zilianzishwa Kasese, na wageni wakaja kukimbia chini ya mlima wetu. Itakuwa aibu wenyeji wakibaki kandokando ya barabara wakipiga makofi tu. Lakini tuseme kweli: mlima peke yake haukimbizi mtu. Panahitajika mwalimu mwenye saa mkononi, ratiba isiyovunjwa, na mlo wa kutosha. Mtoto mwenye njaa hafundishwi mbio.

Tena pana jambo lisilosemwa mara nyingi. Jioni mvulana huachwa aende mazoezini, hali dada yake akitumwa mtoni kuteka maji. Msichana huyo amekwisha kuupanda mlima mara mbili kabla ya giza, tena na mtungi kichwani, wala hapana amhesabuye kuwa mwanariadha. Wazazi hawana budi kuwagawia watoto kazi kwa haki, ili wote wapate nafasi.

Twatoa tahadhari pia. Anayeanza na aanze kwa kutembea, kisha apande mbio kwa muda mfupi na kurudi kwa mwendo wa kawaida. Kuteremka kwa kasi huumiza magoti, na huacha maumivu ya misuli kwa siku mbili tatu. Wakati wa mvua njia za udongo ziepukwe. Mwenye ugonjwa wa moyo na amwone mganga kwanza.

Tunawasihi walimu wa shule za Munkunyu wachague mteremko mmoja ulio salama na kutenga siku mbili kwa juma. Hapatatakiwa fedha nyingi kwa jambo hili. Si kila mtoto atakayeleta medali, lakini kila mmoja atapata moyo wenye nguvu wa kumfaa hadi uzeeni. Faida hiyo pekee yatosha kutuinua vitini.