Mche mmoja wa kahawa na kitalu nyumba chako

Kijana mmoja alinipigia simu anataka kujenga kitalu nyumba. Nikamuuliza atapanda nini. "Hilo tutaliangalia baadaye, afisa." Bei ya mabomba na nailoni anayo, ya mbegu hana! Ndo maana leo nawapeleka Amsterdam, Uholanzi.

Kule kuna bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1638, mwanzoni kwa ajili ya madaktari na wauza dawa kujifunza mitishamba. Baadaye meli za biashara zikawa zinaleta mimea ya nchi za joto, ambayo kule haivuki msimu wa baridi ikiwa nje. Basi wakaijengea nyumba za kupashwa moto. Shika hapo: shida yao ilikuwa baridi. Wewe wa Morogoro ukifunika nailoni bila kuacha pa kutolea joto, unaoka nyanya.

Mwaka 1706 ukafika mche wa kahawa kutoka Java. Ukatunzwa, ukazaa. Mwaka 1714 mche wa uzao wake ukapelekwa Paris kwa mfalme Louis XIV, nao ukawekwa ndani ya nyumba ya joto. Kutoka bustani hizo mbili kahawa ikavuka bahari hadi Suriname na Martinique, na sehemu kubwa ya arabika ya Amerika ya Kusini na ya Kati ukoo wake umepitia humo.

Wengi wakiisimulia hii wanaisifu. Mimi inanitisha. Mamilioni ya miti ya ukoo mmoja ina udhaifu mmoja. Kutu ya majani ilipofika Brazil mwaka 1970 ilikuta mashamba yaliyofanana, hayana kinga. Kwetu nako kahawa ya Bourbon, iliyoletwa na wamisionari wa Kifaransa kupitia kisiwa cha Réunion, ilikuwa ya ukoo mwembamba vilevile. Wakenya walipotoa Ruiru 11 mwaka 1985, kinga ya chole buni na kutu ilibidi waitafute nje ya ukoo huo, ikiwemo kahawa ya Rume Sudan na ile ya Timor.

Sasa usicheke, wewe wa parachichi. Hass zote duniani zimetokana na mti mmoja wa California, na mti mama huo uliuawa na ugonjwa wa kuoza mizizi, ukakatwa mwaka 2002. Sisemi usipande Hass, soko linaitaka. Nasema ujue vikonyo vimekatwa mti gani, na vimebebeshwa kwenye shina la mbegu gani. Muuza miche akikosa jibu, ondoka, hata kama bei ni ya kutupa.

Watu wa Amsterdam hili waliliweza. Mwaka 1697 walichapisha kitabu kikubwa chenye michoro ya mimea yao. Sisi kitalu kizima hakina kibao hata kimoja, na miche ikinyauka tunasema "mbegu feki" wakati hatukumbuki tulinunua kwa nani.

Yule kijana nimemwambia aanze na daftari: aina, alikonunua, tarehe, namba ya pakiti. Kaguna. Ila jana kanitumia picha ya ukurasa wa kwanza, mistari minne, na mmoja kaandika "sijui, nitauliza."