Tusikalie Kuti Kavu

Kutoka Shelly Beach, Likoni, mpaka Diani ni mwendo wa kilomita thelathini hivi kwa njia ya Ukunda. Katika miaka hii ya karibuni, wapitao ufuoni Diani wamezoea kuona miavuli ya rangi ikiteremka taratibu kutoka mawinguni na kutua mchangani, penye wageni na wauza madafu. Hao ni watu waliopanda ndege ndogo katika uwanja wa Ukunda, wakapaa futi elfu kumi na zaidi, mlango ukafunguliwa, wakajitupa nje kwa hiari yao. Hawakulazimishwa na vita wala ndege haikuharibika. Wameruka kwa kujifurahisha.

Habari hii imefika Likoni na imekuwa mazungumzo ya barazani. Wazee wengi husema ni wazimu wa wenye pesa, na kwamba roho ni amana, haichezewi. Vijana nao husema ni ushujaa, na picha hupitishwa kutoka simu moja hadi nyingine, kila mmoja akitamani siku yake. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimetazama kule kujitupa tu, na hazikutazama yale yanayofanywa kabla yake. Na katika hayo ya kabla ndimo lilimo funzo kwa watu wa pwani, hata kwa yule ambaye hatapanda ndege maisha yake yote.

Kwanza yafaa tukumbushane kwamba tamaa ya kuruka si jambo geni kwa Waislamu. Wanahistoria wanasimulia juu ya Abbas ibn Firnas wa Cordoba, katika Andalusia, mtu wa elimu nyingi aliyefariki mwaka 887. Yasemwa kwamba alijitengenezea mbawa, akajirusha kutoka mahali pa juu, akaelea hewani kwa kitambo, lakini alipotua aliumia mgongo. Waliosimulia kisa chake wakasema alisahau kwamba ndege hutua kwa msaada wa mkia, naye hakujiwekea mkia. Miaka zaidi ya mia moja baadaye, Al-Jawhari, mwanachuoni aliyetunga kamusi mashuhuri ya Kiarabu iitwayo As-Sihah, inasimuliwa kuwa alijifunga mbawa za mbao akaruka kutoka paa la msikiti huko Nishapur, akafa. Mmoja alifikiri namna ya kwenda bila kufikiri namna ya kurudi. Wa pili hakuwa na mtu wa kumwambia, shekhe, leo usiruke. Elimu yao ilikuwa kubwa, lakini haikuwatosha.

Wale wa leo wamejifunza kutokana na makosa ya waliowatangulia. Tangu Mfaransa André-Jacques Garnerin aliporuka na mwavuli kutoka kwenye puto juu ya jiji la Paris, tarehe 22 Oktoba 1797, kila kifo kimeacha kanuni nyuma yake. Tazama basi siku ya mrukaji ilivyo. Asubuhi haanzi na ndege, huanza na upepo. Katika kanuni za chama cha warukaji cha Marekani, ambazo wengi duniani huzifuata au huziiga, mwanafunzi haruki ikiwa upepo wa chini umepita kiasi cha kilomita ishirini na mbili kwa saa. Upepo huo kwa mtu wa pwani si kitu. Ngalawa hutweka tanga nao na watoto hurusha vishada. Lakini mwanafunzi huketi chini akingoja, na akingoja mpaka jioni, hurudi nyumbani bila kuruka na hapana amchekaye.

Kisha mwavuli. Mgongoni huwamo miwili katika mkoba mmoja: mkubwa wa kutumia na mwingine wa akiba. Ule mkubwa hukunjwa kila baada ya kuruka, juu ya sakafu safi, kwa utaratibu usiobadilika. Ule wa akiba hauruhusiwi kukunjwa na kila mtu. Hukunjwa na fundi mwenye cheti, naye huweka sahihi yake, na kwa sheria ya Marekani hufunguliwa na kukunjwa upya kila siku 180 hata kama haukutumika. Tangu mwaka 1991 kimekuwapo pia kifaa kidogo kilichobuniwa Ujerumani, ambacho hupima kasi na kimo, na kikiona mtu bado anaanguka karibu na ardhi hufungua mwavuli wa akiba chenyewe. Mtu huyo huenda amezimia, au amesahau, au ameshikwa na bumbuwazi.

Na bado hayo hayatoshi. Vifungo hukaguliwa kabla ya kuvaa mkoba, vikakaguliwa tena kabla ya kupanda ndege, na mara ya tatu kabla ya kuruka, na aghalabu mwenzako ndiye akukaguaye, kwa maana jicho la mwenye kitu huona lile linalotaka kuona. Mkononi huvaa kipimo cha kimo mfano wa saa. Tangu akiwa chini ameshaamua: nikifika futi kadha nitafungua, nikiona mwavuli umejisokota na nimefika futi kadha, nitaukata na kufungua wa akiba, sitaendelea kuhangaika nao. Uamuzi huo hufanywa nchini, akili ikiwa imetulia. Mtu anayeanguka kwa kasi ya kilomita mia mbili kwa saa hana nafasi ya kufanya mashauri.

Kuna kanuni moja yao ambayo ingefaa ibandikwe Shelly Beach na kila ufuo wetu. Chama hicho cha Marekani kimekuwa kikitaka mwanafunzi arukaye peke yake karibu na maji, kiasi cha maili moja, awe na kifaa cha kumwezesha kuelea. Na maji yenyewe wakayaeleza hivi: ni maji yoyote ambayo mrukaji aweza kuzama ndani yake. Hawakusema bahari, wala ziwa, wala mto. Hawakuuliza kama mtu ajua kuogelea. Mtu wa angani ameyaogopa maji kwa heshima hiyo, na sisi tuliozaliwa juu ya maji twayaendea na nguo zetu, na watoto wetu, bila hata boya.

Tusidhani lakini kwamba elimu hii ni ya wageni na sisi hatukuwa nayo. Mtazameni mkwezi wa minazi, kule Mtongwe au Waa. Kabla ya kukwea huutazama mti, huvitazama vidato, na kama mvua imenyesha na shina lateleza, hungoja. Akifika kileleni hashiki kuti lolote. Hutambua bichi na kavu, kwa sababu kuti kavu hukatika pasipo onyo. Kutokana na kazi yake lugha yetu ikapata msemo wa kukalia kuti kavu, nasi twautumia kila siku kwa mambo ya siasa na ya kazi, tukisahau kwamba ulikuwa kanuni ya usalama wa roho. Na nahodha wa zamani hali kadhalika. Alijua kaskazi na kusi, bamvua na maji mafu, na alipoona mlango wa mwamba umechafuka alisema leo hatutoki, basi hawatoki. Mabaharia hawakumwita mwoga. Jina la nahodha lilikuwa kubwa kwa siku alizobaki bandarini sawasawa na siku alizosafiri.

Ni heshima hiyo ndiyo tuliyoipoteza. Siku hizi asemaye ngoja huonekana mchelewesha safari. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka karibu kabisa na ufuo, na watu 272 wakapoteza maisha, asubuhi, wakienda kazini. Chombo kilikuwa kimejaa kupita kiasi. Hapana familia ya Likoni isiyojua mtu aliyekuwa na msiba siku ile. Yamesemwa mengi kuhusu chombo na wakubwa wake, na yalistahili kusemwa. Lakini lipo swali ambalo kila mmoja wetu aweza kujiuliza hata leo, akisimama kwenye mteremko wa kivuko na umati ukimsukuma: nikiona chombo kimejaa, nina ujasiri wa kungoja kingine, hata nikichelewa kazini?

Wengine watajibu kwamba siku hizi vyombo ni bora zaidi. Hapo tumsikilize Bill Booth, fundi wa miavuli wa Marekani, ambaye katika miaka ya 1970 alibuni namna ya pete tatu za kuukata mwavuli ulioharibika kwa mvuto mmoja tu wa mkono. Mtu huyu aliyeokoa wengi ndiye pia aliyetambua jambo la kusikitisha: kadiri vifaa vinavyozidi kuwa salama, ndivyo warukaji wanavyozidi kujitia katika hatari mpya, hata usalama ule ukaliwa na hatari ile. Na kweli, kwa miaka mingi wengi waliokufa katika mchezo huu mwavuli wao ulikuwa umefunguka vizuri. Walikufa kwa kuchagua miavuli midogo yenye kasi, na kwa kukata kona karibu na ardhi ili wapendeze macho ya watazamaji. Vifo vilipungua pale mafunzo na nidhamu vilipotiliwa mkazo pamoja na vifaa. Katika miaka ya 1970 walikuwa wakifa zaidi ya arobaini kwa mwaka nchini Marekani. Mwaka 2023 walikufa kumi, katika mruko zaidi ya milioni tatu na nusu.

Maneno ya Booth yanatuhusu sisi moja kwa moja. Nenda ufuo wowote wa Mombasa siku ya Idi, uone mipira ya magurudumu inavyokodishwa. Kijana asiyejua kuogelea, ambaye bila mpira asingepita maji ya magotini, akiupata mpira huenda mpaka miguu haifiki chini. Mpira ukimponyoka, au mawimbi yakiupindua, amekwisha kuwa mahali ambapo hangethubutu kwenda. Mpira haukumuua, amekufa kwa imani aliyouwekea. Hali ni hiyo hiyo kwa bodaboda aliyevaa helmeti akaongeza mwendo, na kwa mzazi aliyeona kuna mlinzi ufuoni akainamia simu yake.

Hata umashuhuri haumkingi mtu. Felix Baumgartner wa Austria alijitupa kutoka kimo cha kilomita 39 hivi, tarehe 14 Oktoba 2012, dunia nzima ikitazama, akatua kwa miguu yake. Mwaka 2025, mwezi wa Julai, alifariki huko Italia katika ajali ya mwavuli wenye injini, kimo kisicholingana hata kidogo na kile cha kwanza. Wahenga walikwisha sema, bahari haishi zinge. Na hewa ni bahari ya pili.

Je, mchezo wenyewe wafaa kwa Mwislamu? Hilo tunawaachia mashekhe wetu, kwani si kazi ya gazeti kutoa fatwa. Lakini misingi miwili inajulikana na kila mtoto wa chuoni. Tumekatazwa kujitia wenyewe katika maangamizi, na tumefundishwa na Mtume wetu (S.A.W.) kwamba mtu humfunga ngamia wake kwanza, kisha humtegemea Mwenyezi Mungu. Wako kati yetu wanaoitaja tawakali kabla ya kamba. Mtoto akizama huambiwa ni ajali imefika. Ajali kweli ni ya Mungu, lakini kumwachia mtoto wa miaka sita maji yakipwa na kujaa kwenye mwamba wa Shelly Beach pasipo mtu wa kumtazama, hilo ni la mzazi, na ataulizwa.

Kwa hivyo twashauri mambo yaliyo wazi. Kila jamaa inayokwenda pwani imteue mtu mmoja ambaye kazi yake ni kutazama maji, asiogelee, asipike, asizungumze na simu. Akichoka abadilishane na mwingine. Manahodha wa mashua za watalii na za wavuvi wakubaliane kwamba akisema mmoja wao leo bahari mbaya, wenzake wasimnyang'anye abiria. Wanaokodisha mipira wamuulize mtu kama ajua kuogelea kabla ya kupokea pesa yake. Serikali za kaunti za Mombasa na Kwale ziweke walinzi wa ufuo wa kutosha na maboya kila siku, zisingojee sikukuu. Na walimu wa vyuo na shule wawafundishe watoto kuogelea, wavulana na wasichana, kila kundi kwa stara yake, kwani ni aibu kwa mtoto wa Likoni kufa maji mbele ya mlango wa kwao.

Ama vijana watamanio kuruka Diani, hatuwakatazi ndoto. Twawaambia tu kwamba wakitaka kumuiga mrukaji, wamuige tangu asubuhi. Waige kukunja kwake, kukagua kwake, kungoja kwake, na ile siku aliyopanda ndege mpaka juu, akaona mawingu yameziba nchi, akashuka chini na ndege ile ile bila kuona haya. Hiyo ndiyo siku aliyokuwa shujaa, na haikupigwa picha.